Ukichagua usimbaji wa VPN, anza na kuondoa

Kila ninapoombwa kusaidia kuweka kifaa cha VPN cha kuingilia mtandao wa kazini kutoka mbali, swali la kwanza huwa lile lile: AES, njia ya kusimba data isisomeke bila ufunguo, iwe ya biti 128 au 256? Yoyote kati ya hizo. Hakuna njia inayojulikana ya kuivunja hata ile ya 128 ikitumiwa ipasavyo. Ukiona yenye GCM, chukua hiyo, kwani husimba data na kuhakiki kwamba haijachezewa, vyote kwa mkupuo mmoja.

Ninachokitazama mimi ni orodha nzima ya vile kifaa kinavyovikubali. Vifaa vingi huruhusu mipangilio kadhaa kwa pamoja ili kompyuta za zamani nazo ziunganike, na hapo ndipo udhaifu unapopenya. Niliwahi kufungua logi (kumbukumbu ya shughuli) ya kifaa ambacho wenyewe walijua kinatumia AES-256, nikakuta mtumiaji mmoja ameunganishwa hivi: 3DES_CBC/HMAC_SHA1_96/MODP_1024. Kazi zake zilikuwa zinaenda vizuri, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na sababu ya kuchungulia.

Mstari huo unatisha. 3DES, njia ya zamani ya kusimba, hufanya kazi kwa vipande vya biti 64 tu, na shambulio la Sweet32 la mwaka 2016 lilionyesha kuwa data nyingi ikipita kwa ufunguo mmoja, sehemu ya siri inaweza kufichuka. MODP_1024 ni mbaya zaidi. Hilo ni kundi la 2 la Diffie-Hellman, hesabu ambayo pande mbili huitumia kupatana ufunguo. Mwaka 2015 watafiti wa Logjam walieleza kuwa dola yenye nguvu inaweza kumudu kuvunja hesabu ya ukubwa huo. Ufunguo ukishapatikana kwa njia hiyo, hata AES-256 haikulindi.

Kwa hiyo ondoa tiki kwenye DES na 3DES, kwenye MD5 na SHA-1 (njia za zamani za kuhakiki data), na kwenye makundi ya 1, 2 na 5 ya Diffie-Hellman. Bakiza AES, SHA-256 na kundi la 14, au bora zaidi la 19 au 20. Washa PFS, inayofanya kila kipindi kipate ufunguo wake mpya. Tumia IKEv2, toleo jipya la itifaki ya kupatana funguo; kama umelazimika kubaki na IKEv1 ya zamani, usiruhusu kabisa ile hali ya "aggressive" pamoja na nenosiri la pamoja, kwa sababu mshambuliaji anaweza kuondoka na alama ya kutosha kulikisia nenosiri hilo kwa nafasi yake. PPTP, aina ya zamani ya VPN, izime. WireGuard, aina mpya zaidi ya VPN, haikupi orodha ya kuchagua, nami naipenda kwa hilo.

Kabla ya kuondoa chochote, pitia logi uone nani bado anategemea vya zamani, umwekee apdeti kwanza. Na usibadilishe mipangilio hii ukiwa umeingia kupitia VPN hiyo hiyo. Hakikisha una njia nyingine ya kukifikia kifaa, au mtu aliye karibu nacho, maana ukikosea tiki moja utajifungia nje.