Barua kwa mwanangu: kila siku ya kupumzika ina bei yake

Mwanangu mpenzi,

Maelezo yako na picha za mkataba wako wa ualimu huko Japani nimezipata, nimezisoma zote. Uliniuliza mambo mawili, nayarudia ili tusipishane. Kwanza, je, makamu wa mkuu wa shule alikuwa na haki ya kukuuliza kwenye simu unaumwa nini, halafu kuwatangazia walimu wote katika kikao cha asubuhi kwamba ni maumivu ya hedhi? Pili, kwa nini siku hiyo imekatwa kwenye likizo yako ya mwaka wakati ulikuwa mgonjwa? La tatu ulilichomeka chini kabisa, baada ya salamu. Nimeliona. Nitalifikia.

Naanza na la likizo, maana bila hilo la siri halieleweki.

Sheria ya kazi ya Japani haimlazimishi mwajiri kutoa likizo ya ugonjwa yenye malipo. Inamlazimisha kutoa likizo ya mwaka, hiyo nenkyu yenu: siku 10 baada ya miezi sita kazini, ukiwa umehudhuria angalau asilimia 80 ya siku za kazi, nazo huongezeka mwaka hadi mwaka mpaka kufikia 20. Likizo ya ugonjwa, byokyu, ipo pale tu mkataba au kanuni za kazi zinaposema ipo. Mkataba wako unasema ipo, na mstari unaofuata unadai shindansho, cheti cha daktari. Siku ile hukuonana na daktari. Ulijilaza na chupa ya maji ya moto tumboni, na ulifanya vizuri. Lakini kwa karatasi zao ulipumzika tu, kwa hiyo wakakata nenkyu. Hawakukuonea. Walimu wenzako Wajapani nao hutumia siku zao za mwaka kwa homa ya siku moja. Cheti chenyewe hulipiwa mfukoni, bima haikigusi.

Sasa tazama jambo ambalo naona hukuliona kwa hasira. Nenkyu haidai sababu. Mahakama ya Juu ya Japani ilishasema mwaka 1973 kwamba namna mfanyakazi anavyoitumia likizo yake ya mwaka ni juu yake, mwajiri hana neno. Anaweza kuisogeza tarehe kama shughuli zitakwama, basi. Byokyu inadai cheti, na cheti kina jina la ugonjwa. Kwa hiyo unalipia kwa siku yako au unalipia kwa siri yako. Wewe siku ile ulilipa vyote viwili, na hilo ndilo linaloniuma mimi kuliko siku moja iliyokatwa.

Kuna na njia ya tatu ambayo nadhani hakuna aliyekuambia. Tangu sheria ya viwango vya kazi ya mwaka 1947, na leo ni Ibara ya 68 ya sheria hiyo, mwanamke ambaye kazi inamwia ngumu mno siku za hedhi akiomba kupumzika, mwajiri haruhusiwi kumfanyisha kazi. Inaweza kuwa siku nzima, inaweza kuwa saa kadhaa. Maelekezo ya serikali ya tangu enzi hizo hayataki udaiwe cheti cha daktari. Kama inalipwa au hailipwi, hilo ni la kanuni za kazi. Omba uzione, maana mahali penye wafanyakazi 10 au zaidi ni lazima ziandikwe na wafanyakazi waweze kuzisoma. Lakini usishangae ukikuta hakuna anayeitumia. Uchunguzi wa wizara yao wa mwaka 2020 ulikuta walioiomba ni asilimia 0.9 tu ya wanawake makazini. Sababu unaijua kuliko mimi: ili uipate, lazima umwambie bosi, mara nyingi mwanamume, kilekile ambacho hukutaka kikao cha asubuhi kikijue. Haki ipo, ila mlangoni kwake unadaiwa siri.

Tuje kwa huyo makamu. Kuuliza kwake simlaumu sana. Yeye ndiye anayehesabu nani yupo na nani hayupo, nani atashika darasa la saa tatu, na shuleni kuna watoto, anataka kujua kama kuna maambukizi. Mwanafunzi mwenye mafua makali ya influenza, sheria ya afya shuleni inamweka nyumbani hadi siku 5 zipite tangu augue na siku 2 tangu homa ishuke. Mtu anayeishi na hesabu za namna hiyo kila msimu wa baridi atauliza tu. Na ulivyonieleza ofisi yenu ya walimu, meza zimekabiliana, simu inaita akaipokea yeyote aliye karibu, ubao ukutani unaonyesha nani yuko wapi, sioni kama kuna jambo linalokaa kwa mtu mmoja humo zaidi ya nusu saa.

Kutangaza ndiko kosa. Tangu Mei 2017, sheria yao ya taarifa binafsi imeiweka historia ya ugonjwa katika kundi linalohitaji uangalifu wa pekee, pamoja na imani ya mtu na kumbukumbu za makosa ya jinai. Taarifa ya namna hiyo haipitishwi kwa mwingine hivihivi. Ila mwanangu, usiende kumsomea mtu ibara za sheria kwa jambo ambalo yeye alidhani ni kukujali. Mwambie ana kwa ana, pembeni, kwa upole: nikiugua tena, naomba waambiwe sipo tu. Atainama, ataomba radhi, na hatarudia. Akirudia, ndipo umwandikie msimamizi wako wa bodi ya elimu, kwa tarehe na kwa maneno yaliyotamkwa.

Na wewe usimpe tena cha kutangaza. Mtu akiulizwa ghafla kwa lugha asiyoimudu, anatoa yote, kwa sababu kueleza kila kitu ni rahisi kuliko kutafuta namna ya kukwepa. Andaa sentensi mapema, iandike, ibandike karibu na kitanda. Wenyewe husema taicho furyo, hawajisikii vizuri, na mara nyingi inatosha. Ongeza yale ambayo shule inayahitaji kwa haki: si ya kuambukiza, kesho natarajia kuja, kazi za darasa la pili ziko juu ya meza yangu. Hilo la mwisho ndilo litakalomfunga mdomo. Akiwa na mpango wa kipindi mkononi hatakuwa na haja na tumbo lako.

Hospitali ndiko nakuomba uwe mkali. Nimekuwa muuguzi maisha yangu yote ya kazi, na hatari ninayoiona kwako haiko kwa daktari. Daktari wao akitoa siri ya mgonjwa bila sababu ya haki, Ibara ya 134 ya kanuni ya adhabu inamngoja, inaweza kuwa kifungo cha hadi miezi sita. Hatari ni yule mwalimu mwema atakayejitolea kukusindikiza akutafsirie. Ataingia nawe ndani, atasikia kila swali, utavua nguo nyuma ya pazia yeye akiwa amekaa upande wa pili, na akirudi shuleni ataulizwa umeonekanaje. Hana kiapo. Wala si mbaya, ataulizwa tu, naye atajibu. Mwache akufikishe mapokezi, akusaidie kujaza anwani, kisha mshukuru umwambie asubiri nje au aende zake. Zipo fomu za maswali ya daktari zilizoandikwa kwa Kiingereza na lugha nyingine nyingi, na upo ukalimani wa simu kwa ajili ya hospitali. Piga simu kliniki kabla ya kwenda, uwaulize wanatumia upi.

Upimaji wa afya wa kila mwaka hutaukwepa. Sheria inamtaka mwajiri aufanye na wewe ushiriki, na matokeo ya vipimo vilivyopangwa anayaona: shinikizo la damu, picha ya kifua, damu, mkojo. Kinachozidi hapo hulazimiki. Lile dodoso la msongo wa mawazo, ambalo tangu Desemba 2015 ni lazima sehemu zenye wafanyakazi 50 au zaidi, majibu yake huja kwako peke yako, na mwajiri hayapati bila ridhaa yako. Jaza ukweli. Halafu kuna karatasi ndogo ambayo watu huisahau: taarifa ya gharama za matibabu kutoka bima. Kwa baadhi ya bima hupitia kazini, katika bahasha iliyofungwa, na ndani yake mna majina ya kliniki ulizokwenda. Ichukue mapema, usiiache mezani.

Sasa lile la tatu. Umesema daktari anashuku uvimbe kwenye kizazi, anataka upigwe picha tena, na mkataba unaongezwa kabla ya Aprili. Uwaambie au usiwaambie?

Usiwaambie chochote kabla ya kujua chochote. Shaka ya daktari si ugonjwa. Mwaka 2019 mahakama ya wilaya ya Sapporo ilisikiliza kesi ya mtu aliyeficha kwenye usaili kwamba ana VVU, kisha ajira yake ikafutwa ilipogundulika. Mahakama ilisema hakuwa na wajibu wa kusema, na mwajiri akaamriwa amlipe yen 1,650,000. Ikiwa hilo hakulazimika kulisema, wewe na picha isiyopigwa bado unakimbilia wapi? Ukipangiwa upasuaji, hapo hesabu inageuka. Hapo byokyu na cheti ni faida yako, kwa sababu siku zitakuwa nyingi na nenkyu haitatosha. Mwombe daktari aandike kipindi cha kupumzika, na umuulize kama jina la ugonjwa laweza kuandikwa kwa upana. Uliza pia bima yako ni ipi. Kama ni ile ya waajiriwa, ipo posho ya ugonjwa: siku 3 za mwanzo mfululizo hazilipwi, kuanzia ya nne hulipwa theluthi mbili ya mshahara wa siku, hadi jumla ya mwaka mmoja na nusu. Kama ni ile ya taifa, kwa kawaida posho hiyo haimo, na ni afadhali ulijue hilo sasa. Fomu ina ukurasa wa daktari na ukurasa wa mwajiri. Mpe mwajiri ukurasa wake peke yake, na fomu nzima uitume mwenyewe kwa posta.

Kuhusu baba yako, sijamwambia. Anauliza kila jioni kama umeandika, nami namjibu umeandika, hujambo, unasumbuliwa na baridi. Utamwambia mwenyewe ukitaka, lakini si kwenye kundi la familia, maana shangazi yako atakuwa ameanza maombi kabla hujamaliza sentensi. Majibu ya picha yakitoka nipigie mimi kwanza, hata kama huku ni usiku.

Mama yako