Boti kuukuu ya faiba: kabla hujatoa hela, gonga tezi

Mkuu, umeuliza kama ile Yamaha ya futi 23 uliyoikuta Kunduchi, iliyokaa nchi kavu miaka bila mashine, ni ya kununua na kuifufua au ni ya kuiacha. Nimefufua boti za namna hiyo na ninazipenda, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu.

Ganda lisikutishe. Faiba iliyopasuka unaiona, na inazibika. Kinachoua boti hizi ni mbao zilizofungiwa ndani ya faiba: ubao wa tezi, yaani ukuta wa nyuma wa boti unaobeba mashine, na mihimili iliyo chini ya sakafu. Maji hupenya kwenye matundu ya bolti yasiyozibwa vizuri, plaiwudi inakunywa, inaoza taratibu huku nje rangi inang'aa. Muulize muuzaji boti ililala wapi wakati wa masika. Wengi huogopa maji ya chumvi, lakini kuvu inayoozesha mbao hustawi zaidi kwenye maji ya mvua. Boti iliyoachwa bila turubai, plagi ya kutolea maji imefungwa, mvua ikatuama ndani, yaweza kuwa imeoza kuliko ile inayoenda baharini kila siku.

Nenda na bisibisi. Kwa mpini wake gonga tezi yote, kona hadi kona, kisha sakafu. Palipo pazima hulia kwa sauti kali, kavu. Palipooza sauti huwa nzito, imefifia. Halafu omba utoboe tundu dogo kwa drili upande wa ndani, chini karibu na plagi, maana huko ndiko maji hukusanyika. Unga ukitoka mkavu, mweupe, endeleeni kuzungumza. Ukitoka mweusi umelowa, bei ishuke sana. Vuta pia uzi chini ya tumbo kuelekea tezi: boti iliyolazwa miaka juu ya mawe mawili hubonyea, na tumbo lililobonyea litakusumbua kila ukikimbia.

Kama kuna foamu chini ya sakafu na imelowa, usingoje jua liikaushe. Haikauki. Kila lita ya maji iliyomo ni kilo nzima unayoibeba kwa mafuta yako. Ing'oe yote.

Kazi yenyewe ianze na tezi. Kata faiba ya ndani, ya nje ibaki ili ikupe umbo, chokoa mbao zote zilizooza, acha pakauke kabisa. Mimi hutumia plaiwudi ya baharini ya milimita 18, vipande viwili vilivyogundishwa, kingo zake zote zikishiba resini, ile gundi ya maji inayogandisha faiba, kabla ya kupachikwa. Juu yake unapiga mati (faiba isiyosukwa) na faiba ya kusuka kwa zamu, zipande hadi ubavuni. Na faiba ya zamani inapokutana na mpya, isage iwe mshazari mrefu, kama mara 12 ya unene wake. Mafundi wengi huruka hatua hii kwa sababu vumbi lake linawasha, na hapo ndipo viraka hubanduka. Vaa barakoa na mikono mirefu, uisage.

Resini ya polista kwa joto letu hadna, yaani kigandishi chake, asilimia 1 inatosha. Ukitia 2 saa sita mchana itagandia ndoo. Ukitumia epoksi mahali, usirudi na polista juu yake, haishiki vizuri. Na nakusihi sana hili: kama resini uliyouziwa haijatiwa kobalti, dawa ya kuharakisha kuganda, kobalti ikorogwe kwanza kwenye resini, hadna ifuate baadaye. Vitu hivyo viwili vikikutana vyenyewe vinalipuka. Watoto na wapita njia wakae mbali. Miezi ya Juni hadi Septemba, hewa ikiwa kavu, ndiyo ninayoipendelea kwa kazi hii.

Kuhusu mashine, ukitaka fo-stroku kumbuka ni nzito kuliko tu-stroku ambazo tezi nyingi za zamani zilijengewa, kwa hiyo ongeza unene sasa hivi ukiwa umeshaifungua. Pima na kimo cha tezi, shafti ya mashine ilingane nacho: fupi ni inchi 15, ndefu inchi 20.

Makaratasi usiyaache mwisho. Kabla ya kulipa, dai cheti cha usajili chenye jina la muuzaji, ukakihakiki TASAC, shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini, kisha mwone afisa uvuvi wa halmashauri kuhusu leseni.