Tepu iwe kali kiasi unachotaka

Kazi yangu ni kupamba vyumba vya maharusi. Mwaka juzi nilipamba nyumba ya zamani kule Malindi, Mji Mkongwe, nikabandika maua ya kitambaa ukutani kwa tepu nzito. Siku ya kubandua, tepu ilikuja na rangi, na nyuma ya rangi likaja pande la chokaa kubwa kama sahani ya wali. Bibi mwenye nyumba hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, ukuta huu aliupiga chokaa marehemu mume wangu." Nililia njia nzima.

Tangu siku hiyo sibandiki tepu kama ilivyotoka dukani. Naikata, naigandisha kwanza kwenye kanga kuukuu, naibandua, kisha ndiyo naipeleka ukutani. Nyuzi za kanga zinapunguza ukali wa gundi. Kwa ukuta wa rangi mpya mara moja yatosha. Kwa chokaa ya zamani narudia mara tatu. Jaribu kipande nyuma ya mlango, ukiache usiku kucha. Jaribio la saa moja linadanganya, maana gundi huendelea kuzama kwenye vitundu vya ukuta kila muda unavyopita.

Tepu ya karatasi wanayotumia mafundi rangi ilizaliwa kwa kilio hikihiki. Mwaka 1925 Richard Drew wa kampuni ya 3M, Marekani, aliitengeneza kwa ajili ya wapaka rangi za magari, ambao kila wakibandua karatasi zao rangi mpya ilitoka nazo. Alitaka gundi inayoshika na kuachia. Kwa kuta zetu, anza na hiyo.

Ukitaka ishike zaidi, khasa kwenye vigae au kioo, futa kwanza. Nyumba za pwani zina ukungu wa chumvi madirishani: maji baridi, kisha spiriti, kisha acha pakauke. Halafu kandamiza tepu kwa mgongo wa kijiko, mwanzo hadi mwisho. Gundi hii hufanya kazi kwa kukandamizwa. Ukiipapasa tu, inagusa sehemu chache.

Kubandua ndiko kwenye kazi. Pasha tepu kwa draya ya nywele, gundi ilainike. Ikunje irudi juu yake yenyewe, uivute polepole ukiwa umeilaza karibu na ukuta, usiivute kuja kwako. Mtazame mjusi kafiri darini: nyayo zake hazina gundi, zina vinywele vidogo mno, na hujibandua kwa kubadilisha tu pembe ya vinywele hivyo. Gundi iliyobaki kwenye kigae itoe kwa mafuta ya nazi. Kwenye chokaa usithubutu, yataacha doa.

Na kabla ya yote, pitisha kiganja ukutani. Kikitoka cheupe, weka tepu mkobani. Funga kamba kwenye boriti, tundika maua hapo.