Kifaranga wa siku nne anasinzia, apewe antibayotiki?

Hapana boss, mpe joto kwanza. Kifaranga wa wiki ya kwanza anataka kama digrii 32 hadi 35 na hawezi kujipasha mwenyewe, sasa na hii baridi ya Nairobi ya Julai akikaa kwa sakafu ya simiti lazima asinzie na mabawa yaanguke. Mtoe kwa wenzake wasimdonoe, weka kwa katoni na balbu upande mmoja tu ndio akisikia moto asonge, halafu akishapata joto mchovye mdomo kwa maji ya vuguvugu yenye glukosi kidogo, usimmiminie kooni atakabwa. Chakula baadaye.

Mwangalie pia nyuma, kama kinyesi kimekauka kikaziba lainisha na maji ya moto kiasi ukipanguse polepole, usivute. Mimi nimefuga hapa Kayole miaka kadhaa na wengi niliopoteza mwanzoni walikufa na baridi nikidhani ni ugonjwa, pesa yote ikaishia kwa agroveti.

Lakini ukiona kinyesi cha damu hiyo inaweza kuwa koksidia, ugonjwa wa vijidudu vya matumbo, ingawa siku nne bado ni mapema, hiyo huja sana kuanzia wiki ya tatu, hapo ndio unampa amprolium, dawa ya koksidia. Na wakianza kusinzia wengi kwa pamoja ita daktari wa mifugo. Jiko la makaa usifungie nao ndani, moshi utawamaliza na wewe pia.