Kumpatia mtoto nafasi katika kituo cha malezi cha kambi ya jeshi la Marekani

Dada, kama mumeo ni askari wa Marekani, usingoje mpaka ujifungue. Fungua akaunti MilitaryChildCare.com, tovuti ya jeshi ya kuombea nafasi za malezi ya watoto, sasa, ujaze tarehe ya makadirio ya kujifungua, kisha tarehe unayotaka huduma ianze. Vituo vya malezi vya kambini hupokea watoto kuanzia wiki 6, na foleni ya wachanga ndiyo ndefu kuliko zote, kwa sababu mlezi mmoja haruhusiwi kulea zaidi ya wachanga 4. Wa miaka 3 hadi 5 wanafika 12 kwa mlezi mmoja, ndiyo maana huko nafasi hupatikana upesi zaidi.

Ombeni pia walezi waliosajiliwa na jeshi wanaolea watoto nyumbani kwao. Wengi huwasahau, na ni walezi wazuri sana kwa mtoto mdogo.

Ada hutegemea kipato cha familia nzima, kwa hiyo andaa slipu za mshahara zenu wote wawili. Kambi ikijaa, ombeni ruzuku ya MCCYN, mpango wa jeshi unaosaidia kulipia malezi nje ya kambi, kwa kituo cha nje. Tafadhali, msilipe amana kabla ya kuhakikisha kituo hicho kinakubaliwa na mpango huo. Leseni ya jimbo peke yake mara nyingi haitoshi.