Kijibwa kinang'ata watu: nikichape, nikinyime chakula au tukakitupe?

SWALI: Assalam alaykum shekhe. Mimi niko Mikindani, tuna kijibwa kidogo tu, mdogo wangu alikitoa shamba huko Nanyamba baada ya msimu wa korosho tukakiacha kitulindie nyumba maana wezi wamezidi. Sasa kinang'ata watu. Kilianza na muuza samaki, juzi kimemng'ata mtoto wa jirani kwenye kigimbi mpaka damu. Nimekichapa na mti wa ufagio, nikakifungia stoo siku nzima bila kula, wapi, ndo kwanza kimezidi. Mume wangu anasema tukitie kwenye kiroba tukakitupe mbali. Je nina dhambi kwa kukipiga, na nifanye nini?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah dada yangu. Kabla sijagusa kitabu chochote, huyo mtoto amepelekwa hospitali? Kama bado, acha kusoma hapa, mchukue na mama yake muende hospitali ya Ligula au kituo cha afya kilicho karibu mkaulize sindano za kichaa cha mbwa, na mkianza dozi mzimalize zote, msiseme kidonda kimekauka basi yameisha. Ule ugonjwa dalili zikishatokea kwa mtu hakuna tena cha kufanya, karibu wote wanakufa, ila ukiwahi kabla unazuilika. Na siku yoyote mtu aking'atwa kidonda kioshwe hapo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, sio kupaka pilipili wala mafuta ya taa kama tunavyofanya huku kwetu. Najua utaniuliza habari ya najisi ya mate ya mbwa, sisi Mashafii (wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii) tunaosha mara saba moja ya udongo, nguo yake fanyeni hivyo, lakini kidonda usikitie udongo, wapo wanachuoni waliosema sabuni inasimama mahali pa udongo na penye madhara kama hapa ndo kauli ya kushika.

Na kwa sababu hiyo hiyo habari ya kiroba muiache. Mbwa aliyemng'ata mtu anafungwa mahali pazuri anatazamwa siku 10, akifika siku ya kumi mzima anakula vizuri basi siku aliyong'ata hakuwa na kichaa cha kumwambukiza mtoto, sasa mkimtupa porini mtajuaje? Tena mtakuwa mmewapelekea wenzenu wa kijiji kingine mbwa anayeng'ata. Mwiteni afisa mifugo wa kata amuone, na zikiisha hizo siku achanjwe, chanjo irudiwe kila mwaka.

Sasa swali lako. Kufuga mbwa wa kulinda haina shida, hadithi imeruhusu wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba, na wanachuoni wetu wakamuunganisha wa kulinda nyumba. Kumpiga ndo tuongee. Mtume (s.a.w) amekataza kumpiga mnyama usoni, na ametuambia Mwenyezi Mungu ameandika wema katika kila kitu, hata kwenye kuchinja. Na kumfungia bila chakula, dada yangu, hapa nakwambia kwa uchungu, unaijua habari ya yule mwanamke aliyeingia motoni kwa ajili ya paka, kosa lake lilikuwa ni lipi? Alimfungia, hakumlisha wala hakumwachia akajitafutie. Siku moja ya stoo sio sawa na kuua, lakini ni njia ile ile, omba msamaha kwa Mola wako na usirudie tena.

Halafu tazama Suratul Maida aya ya 4, Mwenyezi Mungu anataja mbwa wa kuwinda kwa sifa ya kufundishwa, kwamba mnawafundisha katika aliyowafundisha nyinyi Yeye. Mafakihi, yaani wanachuoni wa sheria ya dini, wakakaa wakaeleza mbwa aliyefundishwa ni yupi, ni yule ukimtuma anakwenda, ukimkataza anaacha, na akikamata mnyama hamli. Wengine wakasema afanye hivyo mara tatu, Mashafii wakasema hakuna idadi, arudie na arudie mpaka wajuzi waone kweli ameshika. Yaani mbwa mwenye njaa anafundishika asimle sungura aliyemkamata mwenyewe, huyo wako atashindwa kufundishika asing'ate kigimbi cha mtoto? Ila ni kurudia, sio ufagio.

Na umuulize kwanza kwa nini anang'ata. Niliwahi kuletewa malalamiko kama haya, kijibwa cha kahawia kinarukia kila anayenyoosha mkono, nikachuchumaa kwa mbali, mwenye mbwa akamshika akafunua sikio, ndani kupe wamejipanga kama punje za mtama na ngozi imevimba nyekundu, ukilikaribia tu lile sikio anaruka. Alikuwa anaumwa maskini! Vijibwa vidogo mara nyingi vinang'ata kwa woga, watoto wanavibeba wanavivuta mkia wanavinyang'anya mfupa, na vikiwa vichanga vikiuma kidole watu wanacheka, kesho kutwa meno yamekomaa ndo tunatafuta fimbo. Kwahiyo akianza kuuma kwenye mchezo, mchezo unaisha hapo hapo, unaondoka, humwangalii. Mgeni akipita akatulia, mpe kipande cha dagaa wakati huo huo, sio baadae. Akinguruma usimpige, ule mngurumo ndo anakwambia niacheni, ukimpiga ataacha kunguruma atang'ata kimya kimya. Na adhabu ya kosa la saa mbili nyuma haielewi, anachojua ni kwamba wewe unatisha. Mchana awe kwenye kamba ndefu yenye kivuli na maji mbali na njia ya watu, jioni mtembeze, wageni waambiwe kabla hawajaingia.

Hilo la kuwaambia sio adabu tu. Maadamu umeshajua mbwa wako anang'ata ukamwachia, anachokiharibu kiko juu yako, hivyo ndivyo fikihi (sheria ya dini) inavyosema, na mgeni uliyemkaribisha bila kumwambia naye dhamana yake ni yako. Baada ya muuza samaki wewe ulikuwa umeshajua. Kwahiyo nauli ya hospitali, gharama za sindano, na siku alizokosa mama yake kwenda kwenye biashara, hizo utoe wewe na mumeo, msisubiri kudaiwa. Na yule muuza samaki mtafuteni pale anapopitaga asubuhi, naye aende hospitali akaonwe hata kama siku zimepita, gharama ni zenu pia.

Ikiwa mmemtibu, mmemfundisha miezi kadhaa kwa subira na bado anaumiza watu, hapo mrudieni afisa mifugo, kumuua mbwa mkali anayedhuru kunajuzu, hadithi imemtaja, lakini iwe kwa mkono wa anayejua bila kumtesa, sio sumu ya panya wala kiroba baharini. Ila wa kwako dada bado hajafika huko. Leo mpe maji na chakula, halafu funua masikio yake taratibu uangalie.