Mwalimu, mwanangu anasoma "baba" anasema "dada"

Barua nyingi za safari hii zinazunguka jambo moja: mtoto ni mwerevu nyumbani lakini shuleni amekwama. Nimefundisha darasa la kwanza na la pili kwa miaka mingi, na watoto wa namna hii ndio wanaoninyima usingizi. Nimezifupisha barua na kuondoa majina.

Shikamoo mwalimu. Mwanangu yuko darasa la tatu. Nikimtuma gengeni anarudi na chenji kamili, hadithi za bibi yake anazisimulia bila kuruka kitu, ila kitabu kikifunguliwa anatokwa jasho. Mwalimu wake anasema ni uvivu. Kweli? (Mama, Mbagala)

Marahaba, mama. Mtoto mvivu hatokwi jasho. Huyo anahangaika kuliko wenzake wote, basi tu matokeo hayaonekani.

Jioni kaa naye mkekani, mpe kitabu, usimsahihishe. Sikiliza anakwama wapi. Niliwahi kukaa hivyo na kijana wa miaka tisa. Kitabu kimeandika "Baba analima", yeye akasoma "Dada analima". Akainua macho, akaona picha ya mwanamume na jembe, akajirekebisha haraka: "Baba!" Nikaelewa kwamba miaka yote ile alikuwa anasoma picha. Kikombe ukikigeuza mkono wake ukaangalia kushoto au kulia, kinabaki kikombe. Na kwake b na d zilikuwa hivyo hivyo. Mbele kidogo akakutana na "hawatatupelekea". Akaanza "hawata…", akanyamaza, akabuni: "hawataki".

Watoto wengi huchanganya b na d mwanzoni. Akifika darasa la tatu bado anachanganya, na shule hakosi, hapo tunachunguza. Inawezekana ni disleksia, yaani ugumu wa kuoanisha sauti na herufi zake. Si ulemavu wa akili, na hauna uhusiano na ujinga. Lakini kabla ya kumpa jina hilo, mpeleke akapimwe macho na masikio. Mtoto ambaye sikio linatoa usaha kila mara, akawa anasikia "pa" na "ba" kama sauti moja, atazitofautishaje kwenye daftari? Na kama aliwahi kulazwa kwa malaria ya ubongo, mwambie daktari. Utafiti uliofanyika Kilifi umeonyesha kwamba baadhi ya watoto wanaopona hubaki na matatizo ya lugha na kumbukumbu.

Mama mkwe anasema mtoto amerogwa, twende kwa mtaalamu. (Mama, Korogwe)

Hajarogwa, dada yangu. Hali hii mara nyingi hutembea kwenye ukoo. Uliza kwa upole kama kuna mjomba, shangazi au hata baba mtu aliyeacha shule kwa sababu ya kusoma. Mwaka 1896 daktari mmoja wa Uingereza, W. Pringle Morgan, aliandika habari za Percy, kijana wa miaka 14 aliyeweza hesabu lakini kusoma kukamshinda. Mwalimu wake alisema kwamba kama masomo yote yangefundishwa kwa mdomo, Percy angekuwa mwerevu kuliko wote shuleni. Nani alimroga Percy?

Je, nikimhamishia shule ya Kiingereza atachangamka? (Baba, Morogoro)

Mimi nisingemhamisha sasa. Kiswahili ni lugha rafiki kwa mtoto huyu: "a" ni "a" popote utakapoikuta, na silabi ukishaijua imekaa. Ndiyo maana watoto wetu wenye disleksia mara nyingi hufika kwenye neno sahihi, ila polepole mno, na mzazi hashtuki. Kiingereza hakina huruma hiyo. "Come" na "home" zinafanana machoni, zinasomwa tofauti kabisa. Mwache kwanza asimame kwenye Kiswahili.

Nina wanafunzi 93 darasani, na kama watano hivi hawasomi kabisa. Nifanye nini peke yangu? (Mwalimu, Sengerema)

Pole sana, mwalimu mwenzangu. Najua 93 maana yake nini: hata daftari huwezi kusahihisha zote kabla ya kengele.

Hao watano wape dakika 15 kila siku, hata kama ni chini ya mti, kuliko saa nzima ya Ijumaa. Anza na sauti kabla ya herufi. Wapige makofi kwa kila silabi: ma-ha-ra-gwe, makofi manne. Asiyeweza kupiga manne, usimpe kitabu bado. Kisha herufi moja waichore kwa kidole kwenye mchanga huku wakitamka sauti yake kwa nguvu. Mkono, mdomo na sikio vifanye kazi pamoja. Usifundishe b na d wiki moja. Maliza b, iache izame, d ije baada ya majuma kadhaa. Herufi mwambatano kama mb, nd na ng' zisubiri.

Kitabu kikifunguliwa, weka rula chini ya mstari ili macho yasirukeruke. Maneno marefu yakate kwa penseli: ha/wa/ta/tu/pe/le/ke/a.

Na nakuomba hili kwa moyo wote: usimsimamishe asome mbele ya darasa. Msikilize pembeni. Maarifa ya sayansi muulize kwa mdomo, utashangaa anachokijua.

Binti yangu anasoma vizuri ila hesabu ni balaa. Yuko darasa la nne, hajui kati ya 6 na 9 ipi kubwa mpaka ahesabu vidole. (Mama, Zanzibar)

Upo ugumu wa hesabu peke yake, unaitwa disikalkulia. Rudi kwenye vitu vya kushika: vizibo vya soda, kokwa za ukwaju. Apange 6, apange 9 kando yake, aone kwa macho. Usikimbilie tebo.

Nampeleka wapi kupimwa? (Mlezi, Mombasa)

Kenya kuna vituo vya tathmini ya elimu, maarufu kama EARC, vilivyoanza mwaka 1984. Uliza ofisi ya elimu iliyo karibu nawe. Kwa walio Tanzania, anzeni kwa afisa elimu maalumu wa halmashauri. Muulizeni pia mwalimu mkuu kama shule ina mwalimu aliyesomea Patandi, kule Arusha, chuo kinachofundisha walimu wa elimu maalumu. Nenda na madaftari ya mtoto, ya zamani na ya sasa. Yanasema mengi kuliko ripoti.

Mwalimu, nimemchapa sana mwanangu kwa ajili ya kusoma. Juzi nimeambiwa ana tatizo hili. Siwezi kumtazama usoni. (Baba, Dodoma)

Ndugu yangu, mtazame. Mwambie: "Nilidhani hutaki, kumbe ulikuwa unashindwa. Nisamehe." Mtoto wa miaka kumi anaelewa radhi. Kisha fimbo itoke nyumbani, na usiku huo huo msomee wewe ukurasa mmoja, yeye afuatishe kwa kidole. Kesho, ukurasa wa pili.